Dume Aliyezaliwa Sabato

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaanga udongo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi minne tu, nimevaa sketi ya kanisa na viatu vya kuazima, nikidhani nitapewa koti jeupe. Mzee Ombati akanipa mwiko.

"Koroga mpaka mkono uchoke," akasema. "Ukichoka, koroga kidogo tena."

Nikauliza ni kwa nini. Akasema nitajua. Mimi sipendi kuambiwa nitajua. Nilikoroga huo udongo kwa hasira hadi ukawa kama unga wa wimbi, na mlinzi wa geti akapita akaniuliza kama hiyo mboga itatosha watu wote.

Sasa nimestaafu. Najua mtacheka, Dennis na Moraa, kwa sababu nina miaka ishirini na sita, na watu wa miaka hiyo hawastaafu, wanaachishwa. Lakini mimi nimeacha mwenyewe. Septemba naenda chuo, na ile meza ya dirishani ni yenu. Niliwaahidi nitawaandikia kazi ilivyokuwa, basi ndio hii. Mambo ya mshahara na nani alipandishwa cheo sitaandika. Hayo mtaambiwa na kila mtu bila hata kuuliza.

Udongo unakaangwa ili kila kitu kilicho hai ndani kife. Wadudu wetu wengine wakikomaa wanaanguka kutoka kwa jani wanajizika kwa udongo, na siku mdudu akitoka huko lazima uwe na uhakika ni wako, si wa shamba. Hiyo ni sentensi moja tu. Mzee angeniambia siku ile ile. Aliniambia baada ya wiki tatu.

Kazi yetu, kwa mtu ambaye hajui, ni hii. Umewahi kuona jani lina vinundu, kama limetokwa na chunusi? Watu wanasema ni ugonjwa. Mara nyingi ni nyumba. Kuna usubi mdogo kuliko mbu anataga yai kwa jani, jani linavimba kumzunguka mtoto wake, na huyo mtoto anakula ndani akiwa amefungiwa mlango. Karibu kila mti wetu wa asili una usubi wake, na wengi hawajapewa jina na mtu yeyote. Sisi tunawalea mpaka watoke, tunawaweka kwa spiriti, tunawachora, tunaandika wako vipi. Halafu wanapata jina. Basi. Mama yangu nilimweleza mara nne, na kila mara akasema, "Na baada ya hapo?"

Mzee Ombati ndiye alikuwa mkuu wa chumba chetu. Mrefu, mzee wa kanisa kule Kiogoro, sweta moja ya kijani mvua na jua. Alikuwa na digrii mbili, na penseli moja ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuishika. Mambo mengi aliyonifunza alinifunza baada ya mimi kuharibu. Mwezi wa pili niliandika lebo arobaini kwa biro. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikajisifu. Asubuhi spiriti yote ilikuwa imegeuka rangi ya samawati, na lebo zote nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Hakunipigia kelele. Alipanga zile chupa arobaini mbele yangu akasema, "Sasa nisomee." Andikeni kwa penseli. Na lebo iingie ndani ya chupa, si nje.

Sasa nifike kwa ile kesi ngumu.

Omosabakwa mnaijua. Kile kichaka cha majani mapana laini, kinamea kwa kila mpaka wa shamba, mashina yake tunachoma kuni, na majani yake, tuseme ukweli, tulikuwa tunaenda nayo chooni. Karibu na Nyakoe, kwa shamba la majani chai la mama mmoja anaitwa Bosibori, omosabakwa ya mpakani ilikuwa na vinundu vya manyoya meupe upande wa chini wa jani, kila kimoja kama punje ya mtama. Siku ya kwanza tulipofika huko, Bosibori alisimama na kikapu chake cha majani chai akatuangalia tukichuma na kuweka kwa mfuko taratibu kama mayai.

"Mzee, hayo majani mnapeleka wapi?"

"Maabara, mama. Tunasoma wadudu wake."

"Umesoma mpaka ukafika wapi, ndio uje kuokota kitu tunapangusia?"

"Nimesoma mpaka nikarudi hapa hapa," Mzee akasema. Bosibori alicheka mpaka akaweka kikapu chini, na tangu siku hiyo hakutukatia kile kichaka.

Mzee alikuwa na hakika usubi huyo hana jina. Lakini ili uandike mdudu mpya na watu wakukubalie, lazima uwe na dume. Majike wa jamaa hawa wanafanana sana. Dume ndiye anatofautiana, na anatofautiana pale nyuma, sehemu zake za uzazi. Ndio, hiyo ndio kazi. Mkija kuulizwa nyumbani mnafanya nini, tafuteni jibu mapema.

Na sisi dume hatukuwa naye. Tulikuwa na majike, chupa kwa chupa.

Vinundu vinakuja na mvua ya masika, vinakaa wiki chache, vinaisha mpaka mwaka mwingine. Tulikuwa tunachuma vile ambavyo ncha imeanza kuwa ya kahawia, tunaweka kwa mkebe na pamba iliyoloweshwa kidogo, juu tunafunga kipande cha stokingi. Siku ya tano baada ya kuchuma, usubi wanatoka. Madume wanatangulia asubuhi, wanaishi siku moja, wamekwisha. Majike wanafuata kesho yake.

Sisi tulikuwa tunachuma Jumatatu. Hesabu mwenyewe. Siku ya tano ni Sabato.

Mzee Ombati ni Msabato, na mimi pia. Ijumaa jua likielekea kuzama anafunga mlango na kufuli, na hakuna mtu anaufungua mpaka Jumapili asubuhi. Jumapili tunakuta madume wameanguka kwa matone ya maji ndani ya mkebe, wameoza, miguu huku, kichwa kule. Ukimgusa kwa brashi anakuwa matope. Ukiweka pamba kavu, jani linakauka na wote wanafia ndani. Majike ndio tunawapata wazima, Jumapili hiyo, wakitembea kama wenye nyumba.

Nilimwambia, "Mzee, si tumwombe mlinzi? Yeye ni Mkatoliki."

"Nikimtuma afanye kazi yangu Sabato, ni nani amefanya?"

"Ni yeye."

"Amri inasema wala mtumishi wako, Kerubo. Hukufika hapo ukisoma?"

Nilikuwa nimefika. Nilikuwa tu nataka dume.

Mwaka wa pili nikashindwa kuvumilia. Mzee alikuwa amebakisha mwaka mmoja na kidogo astaafu, na yule daktari wa Nairobi aliyekuwa anaandika pamoja naye alikuwa ametuma ujumbe: bila dume, huyo wenu anabaki kwa droo bila jina, na Mzee akiondoka sijui ni nani atamfuatilia. Nilisoma hiyo mara mbili. Miaka ishirini na kitu mtu anatafuta wadudu wa kwao, na huyu ndiye alimpenda kuliko wote, halafu anaenda nyumbani amemwacha bila jina? Basi Sabato moja mchana nikamwambia Mama naenda mazoezi ya kwaya. Ufunguo nilikuwa nao. Nikaingia, nikakuta ndani ya mkebe kitu kimoja tu kinatembea, cheusi, chembamba. Wengine walikuwa tayari wamelala kwa maji. Nikafungua stokingi, nikamchukua na brashi, nikamtia kwa spiriti, nikaandika lebo kwa penseli: dume. Nikarudi kanisani nikaimba sauti ya pili kwa furaha.

Jumatatu nikamwekea Mzee kwa maikroskopu bila kusema kitu. Aliangalia muda mrefu.

"Ulimpata lini?"

Nikajifanya napanga chupa.

"Kerubo. Hesabu mabawa."

Nikahesabu. Moja, mbili. Tatu. Nne. Usubi ana mawili. Mwenye manne ni nyigu. Kuna nyigu mdogo sana ambaye hajengi kinundu, anakuja nyumba ikiwa imeshajengwa, anataga ndani ya mtoto wa mwenye nyumba, na wake anamla yule kutoka ndani polepole. Anatoka kwa kinundu, ndio, lakini hakukijenga.

"Umeiba Sabato," Mzee akasema, "ukapewa nyigu."

Kama ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini kwa ile haraka yangu sikuifunga stokingi vizuri, na Jumapili majike wote walikuwa wameenda zao dirishani. Hilo lilikuwa fungu la mwisho la mwaka huo. Nililia. Nilimwuliza kama atamwambia Mama. Akavua miwani akaipangusa na ile sweta.

"Mambo ya Sabato ni yako na Nyasae, Mungu wako," akasema. "Mambo ya stokingi ni yangu na wewe. Kuja nikuonyeshe fundo."

Lile fundo ndilo nimewafunza. Mtu akiwauliza ni la nani, ni lake.

Mwaka wa tatu mvua ilikuja vizuri. Mzee alikuwa anatoka mwisho wa mwezi wa sita. Tukachuma Jumatatu, tukapoteza Sabato. Vinundu vya Nyakoe vilikuwa vimebaki kama vya wiki mbili, pengine moja. Nilimwona Mzee anapanga vitabu vyake kwa katoni, na kila kimoja anakifungua kwanza kabla ya kukiweka.

Jumamosi hiyo, baada ya kanisa, nilikaa na Mama nyuma ya nyumba. Mama ni mtu wa ndizi. Anauza kwa soko la Daraja Mbili siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, na ndizi zake haziivi ovyo. Aliniangalia nikila kama mgonjwa.

"Ni nini? Kijana?"

"Mama, si kijana. Ni dume la usubi."

"Afadhali ingekuwa kijana."

Nikamwambia yote. Nilimwambia hata ile ya kwaya, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuibeba. Aliifikiria kidogo, akaniambia hiyo tutaongea baadaye, na kweli tuliongea. Halafu akauliza, "Hao wadudu wanakaa siku ngapi kabla ya kutoka?"

"Tano."

"Na mnachuma siku gani?"

"Jumatatu."

Mama akaweka sahani chini. "Kwani ni nani alisema Jumatatu?"

Nikafikiria. Zamani, kabla hata sijaandikwa kazi, pikipiki ya ofisi ilikuwa inapatikana Jumatatu peke yake. Hiyo pikipiki ilikufa. Sisi tulikuwa tunaenda kwa boda siku yoyote tunayotaka. Na bado tulikuwa tunaenda Jumatatu.

"Mimi nikitaka ndizi ya soko," Mama akasema, "naanza kuhesabu kutoka Sabato nikirudi nyuma. Sikati mkungu leo kama najua utaivia Sabato, nitaufanya nini? Nitauangalia? Na nyinyi mmesoma! Ni nyinyi wenyewe mnawaambia hao wadudu wazaliwe Sabato, halafu mnalia."

Alicheka mpaka akashika mti. Mimi sikucheka. Mimi nilitaka kupiga simu saa hiyo hiyo, na Mama akanyoosha mkono, akachukua simu yangu akaiweka kwa mfuko wa aproni yake. "Kesho," akasema. Sijawahi kuona Jumamosi ndefu kama hiyo.

Jumapili saa moja asubuhi nikampigia Mzee. Nilimweleza. Kimya. Nikafikiri mtandao umekatika.

"Mzee? Uko?"

"Niko. Ni nani amesema hivyo?"

"Mama."

"Anafanya kazi gani huyo mama?"

"Anauza ndizi."

Halafu nikasikia sauti kama mtu anakohoa, kumbe anacheka. "Miaka mitatu," akasema. "Digrii mbili. Kerubo, tafadhali, mtu wa Nairobi asisikie hii."

Tulichuma Jumatano. Bosibori alituuliza kama tumepotea siku. Majani yenye vinundu vizuri yalikuwa kumi na manne tu, na mengine yalikuwa na matundu tayari. Alhamisi sikula. Ijumaa Mzee alifunga mlango kama kawaida, na kwa mara ya kwanza sikuuangalia huo mlango vibaya.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mzee alikuwa ameshafika. Ameketi mbele ya mkebe na chai kwa chupa, hajamimina. Hakuniamkia, alinionyesha kiti tu. Tulikaa. Mimi kukaa siwezi, mnanijua. Niliamka kama mara sita, na kila mara akasema "Keti" bila kugeuka.

Saa mbili na kitu, kinundu kimoja kilitikisika. Kitu cha kahawia kikasukuma kutoka kwa manyoya, kikasimama nusu ndani nusu nje, kikapasuka mgongoni. Akatoka. Tumbo la rangi ya chungwa, mabawa yamekunjika kama leso iliyofuliwa, na yale mapembe ya kichwani, jamani, kama shanga zimetungwa, na kila shanga ina pete yake ya uzi. Jike hana hizo pete. Mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Hesabu mabawa."

"Mawili."

"Hesabu tena."

"Mzee, ni mawili!"

Hapo ndio alimimina chai.

Siku hiyo walitoka madume wanne. Mmoja aliharibika tukimweka kwa slaidi, ni mimi nilimharibu, na sikuambiwa neno. Watatu walitosha. Maandishi yalitoka mwaka uliofuata, Mzee akiwa nyumbani Kiogoro na ng'ombe wake. Usubi ana jina sasa, refu, la Kilatini, na mtalikuta kwa lebo ya droo ya tatu. Tangu hapo nimefanya kazi na wakubwa wengine wawili, wote wazuri, na tumeandika wadudu wengine watano, mmoja wa kule juu Nyamira ambaye alinimaliza magoti. Hao wako kwa daftari la kijani, someni wenyewe. Na wakati wowote mkianza kulea mdudu mpya, kwanza hesabuni siku kutoka Sabato kurudi nyuma. Hata kama nyinyi ni Wakatoliki. Kila mtu ana siku ambayo hatakuwepo.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Alhamisi ya wiki ile ile madume walipotoka. Mama alikuwa ametoka soko, akapitia kazini kwetu mara ya kwanza maishani mwake, na ndizi mbivu kwa mfuko. Alisema amekuja kuona huyo mtu. Mzee alikuwa na siku ya tatu anachora, mwezi wa sita unaisha, daktari wa Nairobi anatuma ujumbe kila asubuhi, na yeye anachora unywele mmoja, anaangalia, anachora mwingine. Nilikuwa nakaribia kupasuka.

Mama akainama juu ya karatasi. "Hii ni nini unachora, mzee?"

Mzee akakohoa. "Ni... sehemu ya nyuma, Mama Kerubo. Ya dume."

"Mzee wa kanisa!"

"Ni kazi, mama."

"Nimesikia. Kerubo pia alisema kwaya."

Nilitamani kuingia kwa droo. Mzee alicheka, akampisha Mama kwa maikroskopu, akamwonyesha pa kuweka jicho. Mama alichukua muda. Alipoinuka hakuwa anacheka tena.

"Huyu anaishi siku ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Na hiyo moja mmechukua nyinyi."

Nje mtu alikuwa anafagia. Mzee aliketi, akachukua penseli yake, akaiangalia ncha.

"Ndio sababu namchora polepole, Mama Kerubo," akasema, akainamia karatasi.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimefungua mdomo, nataka kumwuliza atamaliza lini. Nikaufunga, nikavuta kiti, nikaketi.